Fundi Nyumba Nzima

Friji ikiharibika, nyumba nzima humsubiri fundi friji. Choo kikiziba, huitwa fundi bomba, na watu wazima hupita pembeni wakijifanya hawakifahamu choo chenyewe. Lakini kompyuta ya gemu ikianza kuzingua, hakuna asiye fundi. Sijaona kifaa kinachowapa watu ujasiri wa kutoa ushauri kuliko sipiyu iliyofunguliwa ubavu, feni zinavuma, taa za zambarau zinawaka, na mwenye mali amechuchumaa mbele yake na bisibisi mkononi.

Yangu niliinunua ikiwa imeshatumika. Muuzaji aliapa kwamba ilikuwa ya mhasibu mmoja, mama mtu mzima, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika barua tu. Sikumuuliza ni barua za namna gani zinazohitaji kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya gigabaiti 6. Wanaofuatilia mambo haya wanajua kilichotokea tarehe 15 Septemba 2022: mtandao wa Ethereum uliachana na uchimbaji wa sarafu kwa kadi za grafiki, na kadi zilizokuwa zikikesha miaka kwenye mabanda ya wachimbaji zikamwagika kwenye masoko ya mitumba dunia nzima. Nyingi ni nzima hadi leo. Nyingine kumbukumbu zake zimechoka, maana uchimbaji ule uliikamua kumbukumbu ya kadi kuliko kitu kingine chochote. Zilizofika mjini kwetu, kwa maelezo ya wauzaji, zote zilikuwa za wahasibu.

Mimi si mchezaji wa kutisha. Nikitoka kazini naendesha lori. Gemu yangu ni Euro Truck Simulator 2, ya mwaka 2012, na hunipa kitu ambacho Barabara ya Morogoro hainipi saa kumi na moja jioni: njia nyeupe. Mpwa wangu, anayesoma chuo na kulala sebuleni kwetu, yeye hucheza mpira hadi majogoo. Na kwenye kompyuta hiyo hiyo zimo hesabu za kikoba cha mke wangu, ambaye ndiye mweka hazina. Kwa hiyo ilipoanza kuumwa, iliumwa mbele ya wadau wengi.

Ilianza na vidoti. Vidoti vya kijani, vimejipanga safu kwa safu juu ya anga la Ujerumani. Baadaye miti ya kando ya barabara ikaanza kuchomoza pembetatu ndefu nyeusi zinazokwenda hadi mawinguni. Kwenye mpira wa mpwa wangu golikipa alipoteza kichwa, akaendelea kudaka, na kusema kweli alidaka vizuri kuliko alipokuwa nacho.

Kisha skrini ikawa inakuwa nyeusi kidogo na kurudi. Hilo lina maelezo yake. Windows huipa kadi ya grafiki sekunde 2 kumaliza kazi iliyotumwa. Zikipita bila jibu, mfumo huihesabu kuwa imezimia na kuianzisha upya pamoja na draiva yake. Sekunde 2! Hapa kwetu mtu hajamaliza hata kuitikia shikamoo.

Mwisho ikaja ile mbaya: sipiyu nzima inazima ghafla, kisha inajiwasha yenyewe. Mara ya kwanza ilinikuta nimebeba maziwa kutoka Rotterdam kwenda Berlin. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Tanga, alikuwa amekaa kwenye kochi nyuma yangu akiifuatilia safari kwa makini.

“Mbona giza, baba?”

“Imezima, mama.”

“Na yale maziwa?”

“Yamebaki njiani, mama. Karibu na Hannover.”

Akatikisa kichwa. “Kwa joto hili yataganda.”

Kutafuta ugonjwa wa kompyuta kuna kanuni moja: badilisha kitu kimoja, jaribu, andika ulichokiona, ndipo uguse kingine. Ukibadilisha viwili kwa pamoja na mashine ikapona, hujui kipi kimeponya; ikizidiwa, hujui kipi kimeharibu. Ni kanuni nzuri sana, na bila shaka ilitungwa na mtu anayeishi peke yake.

Wa kwanza kuivunja alikuwa mpwa wangu. “Anko, hii ni ya kupiga windo tu,” alisema, yaani kuifuta Windows na kuiweka upya. Kwa vijana wa rika lake hakuna ugonjwa mwingine wala dawa nyingine. Kompyuta nzito, piga windo. Printa haitoi karatasi, piga windo. Mke wangu akajibu kutoka jikoni kwamba hesabu za kikoba zikifutika, wanakikoba watakuja kulipwa na sisi wawili, mmoja kwa fedha na mwingine kwa kufukuzwa sebuleni. Tukakubaliana tuguse draiva peke yake. Kazi hiyo ina programu yake, Display Driver Uninstaller, inayoendeshwa Windows ikiwa imewashwa katika hali ya usalama, nayo hufagia mabaki ya draiva za zamani ambayo njia ya kawaida huyaacha. Ilikuwa hatua sahihi kabisa, na nilikwenda kuoga nikiwa na amani.

Niliporudi, kijana alikuwa ameshaweka draiva mpya, ameshusha ubora wa picha kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, amepandisha kasi ya ramu kwa sababu aliona video mtu akifanya hivyo, na amehamishia waya wa monita kwenye tundu jingine. Vidoti vilikuwa vimepungua. Kipi kilichovipunguza, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.

Nilikuwa na jaribio langu dogo. Vidoti vikitokea, unapiga picha ya skrini kwa kitufe cha kompyuta yenyewe, kisha unaituma kwenye simu na kuitazama huko. Picha ikiwa safi, mbaya ni monita au waya. Vidoti vikiwemo hata kwenye picha, basi vimezaliwa ndani, kabla ya kufika kwenye waya. Nikapiga, nikatuma, nikafungua: kijani tupu. Waya haukuwa na hatia. Hukumu hiyo ilimkuta shemeji yangu ameshauchomoa na kuuzungushia utepe mweusi wa umeme kila baada ya shubiri moja.

Shemeji ni fundi friji, tena fundi mzuri, na machoni pake kila kinachotumia umeme ni friji ambayo haijajitambua. “Umeme mdogo huo, shem,” alisema, akaingiza mkono kwenye begi lake akatoa friji gadi, akaichomeka ukutani na kompyuta ikachomekwa hapo. Friji gadi ni kifaa cha busara. Umeme ukishuka chini ya kiwango, hukata. Ukirudi, hairuhusu papo hapo, bali husubiri dakika kadhaa ili kompresa ya friji isianze kwa kishindo. Kompyuta haina kompresa. Lakini kuanzia jioni ile ilipozima haikujiwasha tena kama zamani. Ilikaa kimya dakika hizo zote, taa ya friji gadi ikipepesa, na familia nzima imesimama ikiitazama. Mpwa wangu akatangaza kwamba sasa ugonjwa umepanda kichwani.

Jirani yetu, mwalimu mstaafu, akaja na kifutio. Hili si jambo la kuchekwa. Mafundi wengi hufanya hivyo. Miguu ya ramu hushika uchafu, na kuisugua taratibu kwa kifutio huirudishia mguso mzuri. Mwalimu alivaa miwani, akaomba gazeti la kutandika mezani, akachomoa ramu na kufuta pande zote mbili kwa utulivu wa mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote. Kisha akapuliza makombo ya kifutio, yakaingia moja kwa moja kwenye feni ya kadi ya grafiki. Kompyuta ikawaka, ikakaa. Mwalimu akanywa chai, akaaga, akaenda zake. Ilizima alipokuwa ameshafunga mlango wa kwake, kwa hiyo katika kumbukumbu zake ilipona siku ile.

Mama mkwe hakusema neno. Alikuwa amewasikia wote hawa wakikubaliana juu ya jambo moja tu, kwamba adui wa kompyuta ni vumbi. Asubuhi moja nikakuta sipiyu imevalishwa kitambaa cheupe cha kudarizi, chenye maua mekundu kwenye pembe nne na katikati maneno “Karibu Mgeni”. Kilikuwa kimetandazwa sawasawa juu ya matundu ambako hewa ya moto hutokea. Feni ikishika kasi, ukingo wa kitambaa uliinuka kidogo, ukatetemeka, ukalala tena.

Nikatazama kipimo cha joto: nyuzi 83. Kadi kama yangu ikifika hapo hujipunguzia kasi ili isijiunguze, na lori langu likawa linakwenda kwa kuruka ruka hata kwenye mteremko. Sasa niambie wewe, mkwe atamwambiaje mama mkwe aondoe kitambaa alichokidarizi kwa mkono wake, usiku, kwa miwani, ili kuilinda mali ya mkwe?

“Shikamoo, mama. Kimependeza mno.”

“Marahaba, baba. Vumbi halitaingia tena.”

Na kweli lisingeingia. Wala lililokuwemo lisingetoka.

Katikati ya hekaheka hizo nilifungua daftari la matukio la Windows, mahali ambapo mfumo huandika kila kinachousibu. Kila ilipozima, palikuwa na kosa lile lile: Kernel-Power 41. Nikalisoma maelezo yake kwa matumaini makubwa. Kwa kifupi yanasema kwamba kompyuta imejiwasha upya bila kuzimwa kwanza kwa utaratibu. Yaani iliondoka bila kuaga. Hilo nililiona kwa macho yangu, tena mara nyingi, na maziwa mkononi.

Mke wangu alikuwa pembeni akipiga pasi sare za shule. Hakuinua macho.

“Inaandika na saa?”

“Inaandika.”

“Hebu soma.”

Nikasoma. Saa moja na robo usiku. Saa mbili na nusu. Saa tatu kasoro dakika kumi. Saa mbili kamili.

“Asubuhi hakuna?”

“Hakuna.”

“Na usiku wa manane, huyo mwanao anapocheza mpira?”

Nikatazama tena. “Hakuna.”

Akaisimamisha pasi. “Basi mnahangaika na sipiyu bure. Saa hizo mtaa mzima unapiga pasi na kuchemsha maji ya kuoga.”

Shemeji akaruka kuchukua mita yake. Umeme wetu unapaswa kuwa volti 230. Mchana ulikuwa unakaribia hapo bila taabu. Saa mbili usiku mita ikasoma 191, na pasi ilipochomekwa namba ikashuka tena mbele ya macho yetu. Nikafungua parafujo za pawa saplai nikaitoa nje nisome kibandiko chake. Ubavuni, kwa herufi kubwa, wati 500. Chini yake, kwa herufi ambazo mwalimu peke yake aliweza kuzisoma, umeme unaoingia: volti 200 hadi 240. Tena ilikuwa nyepesi, unaibeba kwa vidole viwili ukijiuliza wati zote hizo zimekaa wapi. Mchana iliweza. Usiku, volti zikiwa chini na kadi ikidai wati zake 120 kwa pupa kila lori linapoingia mjini, ilikata tamaa na kuangusha kila kitu.

“Si nilisema umeme?” Shemeji alijipiga kifua.

Alisema, ndiyo. Ila vidoti vya kijani vilikuwepo hata mchana wa jua kali, volti zikiwa zimesimama. Picha iliyochafuka na sipiyu kuzima ni mambo mawili tofauti: la kwanza huelekeza kidole kwenye kumbukumbu ya kadi, joto lake au draiva, la pili kwenye umeme unaoilisha mashine. Tulikuwa na magonjwa mawili na mafundi sita, na kila tiba ya mmoja ilikuwa ikificha dalili ya mwingine. Manahodha wengi, chombo huenda mrama, na chetu kilikuwa kimeshavalishwa kitambaa.

Wokovu ulikuja kwa njia ya harusi. Binamu wa mke wangu alikuwa anaoa Tanga, na basi la asubuhi likawachukua wote: mke, watoto, mama mkwe, shemeji na mpwa. Mwalimu naye alialikwa, maana kitchen party, sendofu na harusi havina jirani wa mbali. Mimi nilibaki nyumbani kwa sababu za kikazi.

Sijui niieleze vipi raha ya kubadilisha kitu kimoja. Kwanza nikarudisha kila kitu katika hali yake ya asili. Ramu ikarudi kwenye kasi ya kawaida. Friji gadi ikaenda kwa friji. Utepe ukabanduliwa kwenye waya, shubiri kwa shubiri. Makombo ya kifutio nikayatoa kwa brashi ya rangi. Kitambaa nikakikunja kwa adabu zote na kukilaza kabatini, juu ya mashuka ya wageni, na joto peke yake likashuka kutoka nyuzi 83 hadi 74. Nikaandika.

Kisha nikaenda Kariakoo, nikarudi na pawa saplai inayobebwa kwa mikono miwili, iliyoandikwa volti 100 hadi 240. Nikaifunga. Sikugusa kingine. Saa mbili usiku nikachomeka pasi, jagi la umeme na friji kwa pamoja, nikawasha FurMark, programu inayochora pete yenye manyoya inayozunguka bila kukoma na kuilazimisha kadi kufanya kazi mpaka mwisho wa nguvu zake. Pete ikazunguka. Nikala ugali nikiitazama. Haikuzima. Nikaandika.

Vidoti vikaja kama kawaida, maana havikuhusika na pawa saplai. Nikafungua MSI Afterburner, nikapunguza kasi ya kumbukumbu ya kadi kwa megahezi 200. Vidoti vikatoweka. Nikairudisha kasi ya zamani: vikarudi. Nikaipunguza: vikatoweka. Nikarudia tena na tena, si kwa shaka, bali kwa raha tu. Hiyo si dawa ya kudumu; kadi iliyokesha miaka imepunguziwa zamu, na siku moja itataka kustaafu kabisa. Lakini usiku ule maziwa yalifika Berlin, hayakuganda, na nikalipwa.

Waliporudi nilikuwa na karatasi yangu tayari, kila kipimo na saa yake. Niliwasomea baada ya chakula. Walisikiliza kwa heshima, kila mmoja akisubiri kipande chake. Shemeji alisikia umeme. Mpwa wangu akasema bila draiva kusafishwa na yeye, hata pawa saplai ya dhahabu isingesaidia. Mwalimu, aliyekuja kupokea keki ya harusi aliyoisahau kwenye basi, alinikumbusha kwamba ramu haijaguswa tangu alipoifuta. Hakuna aliyebisha karatasi yangu. Kila mmoja aliiona inamuunga mkono.

Mama mkwe akauliza, “Na kitambaa changu kiko wapi?”

Pakawa kimya. Mke wangu, ambaye ndiye aliyekuwa ameupata ugonjwa wenyewe akiwa na pasi mkononi na hadai chochote, akaingilia.

“Mama, kompyuta inataka cha kufuma, chenye matundu. Kikae mbele, pale inapovutia hewa. Kipitishe upepo, kizuie vumbi. Sasa siku hizi nani anajua kufuma kitu cha namna hiyo?”

“Nani kasema hakuna anayejua?” Mama mkwe alikuwa ameshafungua mkoba kutafuta sindano ya kufumia. “Matundu kiasi gani?”

Nikaenda jikoni nikamletea punje ya mchele. Aliiweka kiganjani, akaisogeza kwenye mwanga, akaipima kwa ukucha wa kidole gumba. Siku iliyofuata alikuwa amemaliza. Kikafungwa mbele ya feni za kuingizia hewa, na joto halikupanda hata nyuzi moja ya kulalamikia. Baada ya muda kinakuwa na rangi ya udongo, kinafuliwa, kinaanikwa kambani pamoja na sare za shule. Vumbi lote lile zamani lilikuwa linakwenda kulala kwenye kadi.

Vitu vingine navyo vimerudi, kimoja kimoja, bila mtu kuonekana akivirudisha. Waya wa monita una utepe tena kila shubiri. Kifutio kimewekwa juu ya sipiyu kwa dharura. Friji imenyang’anywa gadi yake. Ubora wa picha umeshushwa hadi chini, na kila nikiupandisha usiku, asubuhi naukuta umeshuka. Mashine iko salama, haizimi, haina vidoti, na hakuna mtu nyumbani humu anayekubali tiba yake iguswe. Ningeweza kuwathibitishia kwamba nusu ya vitu hivyo havina kazi yoyote. Lakini ingenibidi niviondoe kimoja kimoja, na nimeuliza kote: hakuna harusi nyingine karibuni.